Mikate Iliyoanguka Jivuni

Kwenye ukuta wa duka letu la mikate, hapa Telavi,
nilichora kwa mkaa safu mbili:
moja ya Vazha, moja ya Otia.
Kila mkate ulioponyoka tanurini
ukaanguka jivuni, niliupigia alama.

Wiki ya kwanza Otia hakuwa na mpinzani.
Nilisema mara moja, akashika:
ukuta wa tanuri ukiwa mweupe, nyunyiza maji ya chumvi,
vuta unga hadi uwe mrefu kama upanga,
bandika, usibembeleze.
Aliyarudia yote kama mtu asomaye risiti.
Vazha aliuliza mara tatu,
ya nne akaona haya.
Alama zake zilifika dirishani.

Mwezi wa pili kitu kikageuka,
kama maziwa yanavyoganda, hakuna aliyeona saa.
Vazha aliacha kuuliza.
Aliinama, kiuno chote ndani ya mdomo ule wa moto,
mguu mmoja hewani,
mkono ukaenda, pa! ukarudi,
mkate umeshika.
Umefanyaje? nikamwuliza.
Akautazama mkono wake
kama aliyekuta pesa za mwingine mfukoni.

Otia bado alijua. Angekueleza
kwa nini mkate hushika, kwa nini huponyoka,
na upepo wa mlimani unaufanyia nini moto.
Ila kiganja chake kilichelewa,
kiasi cha kupepesa jicho,
na katika kupepesa huko unga hulegea.

Wateja wakaamua: yule ana akili, huyu ana kipaji.
Mimi Lamara, miaka arobaini na miwili mbele ya moto huu,
nyusi zimeungua hadi zikakata tamaa ya kuota,
sijui akili inaishia kwenye kifundo gani cha mkono.

Jana kaja Tsiala, binti wa fundi viatu.
Anatumia mkono wa kushoto.
Maelekezo yangu yote yakawa kinyume.
“Niangalie tu,” akasema Vazha, pa!
Binti akaangalia. Hakuona kitu.
Otia akajifuta unga, akasogea:
“Acha kiganja kwanza. Tuanze na kiwiko.
Mguu wako wa kulia unafanya nini pale?”

Mkate wake wa kwanza ulianguka.
Wa pili pia.
Nikachukua mkaa, nikatafuta mahali pa safu ya tatu.
Ukuta umejaa.
Itabidi nipake chokaa.