Upanuzi

Saa nne usiku, barabara ya kumi na nne, Ngamiani.
Feni moja, kompyuta sita, ya nne haina herufi R,
na vijana wangu wanatazama picha ya sekunde tisa
kwa mara ya arobaini.

Mlango. Ukungu. Kitu kinalia.
Basi. Ndicho walichopewa na wenye mchezo,
huko kwao wasikojua kama kuna Tanga,
na kwa hicho hapa usingizi umehama.

"Rudisha," asema Mwanakombo. "Polepole."
Anaziba sikio moja kama mwadhini.
"Huyo hondohondo. Nimekaa Amani kwa shangazi mwaka mzima,
ameniamsha kila siku ya Mungu.
Nchi mpya ni msitu."
Kilua anacheka mpaka kiti kinalia:
"Nani aliyekwenda Amani kurekodi ndege?"
"Kwani wewe unajua nani hakwenda?"

Kilua ana daftari la hesabu, la kidato cha tatu.
Humo kaandika tarehe za nyongeza zote tano:
ya kwanza, lilipofunguliwa Bonde la Majivu;
ya tatu, wafu waliporuhusiwa kumiliki nyumba.
"Ya sita ni Machi. Siku ya Jumanne."
Anaitamka Jumanne kama mtu aliyeitwa kikaoni.

Singano hataki msitu wala tarehe.
Anataka kamba.
Bibi yake alikata mkonge miaka thelathini,
na yeye miaka sita anashuka makorongo ya mchezo
kwa kuruka na kuvunjika miguu.
"Wametupa mazimwi aina mia. Kamba hakuna!
Safari hii lazima walete ususi."

Sheukindo ndiye wa mwisho kusema.
"Mlango ule umechubuka upande wa ndani.
Sisi hatuingii, jamani. Kuna watu wanatoka."
Kimya. Feni tu.
Mchana hupeleka wageni mapango ya Amboni,
nao humuuliza pango linaishia wapi.
Akisema hapa, wanatazama saa.
Akisema wengine hudai linatokea Mombasa,
wanatoa bakshishi.

Mimi sichezi. Mimi nahesabu saa, elfu moja moja.
Ila usiku mmoja, walipoondoka,
nilimchukua askari wa Kilua, nikamtembeza
mpaka pembe ya ramani, kwenye weupe.
Nikabonyeza mbele. Miguu ikaenda, yeye hakwenda.
Nilibonyeza dakika kumi.
Sijui nilimtarajia nani.

Kisha wakaja watu wa tepu na ndoo ya rangi.
Alama ya X, nyekundu, ukutani kwangu,
ikala nusu ya bei ya kutoa kopi.
"Upanuzi," akasema mwenye brashi.
Lini? Hakujua. Mita ngapi? Akatazama ndoo.

Usiku ule picha ya sekunde tisa ilipumzika.
Waliipiga picha X yangu, wakaikuza.
"Mguu wa kulia umefifia," akasema Mwanakombo,
"aliyepaka alisita."
Kilua akafungua ukurasa mpya:
X kwa fundi cherehani, X kwa muuza magodoro,
msikiti umerukwa, duka la dawa limerukwa,
kwa hiyo mstari unapinda, kwa hiyo huenda, huenda...
Singano akapima kwa hatua, gizani, akakanyaga mtaro.
Sheukindo aliuliza fidia hulipwa kabla au baada,
na hakuna aliyekuwa na nadharia.

Nikasema niandikieni barua.
Wakagombania maneno mpaka saa saba.
Mashine tano zilikuwa zinapakua kitu kizito
kilichotumwa usiku huohuo bila tangazo,
wakasema huenda ni chenyewe, huenda si chenyewe,
usizime mama, tafadhali usizime.
Ikabaki ya nne.

Nimeichapa. Iko mezani, inangoja asubuhi:
*Ndugu Mkuugenzi,
kuhusu upanuzi wa baabaa.*