Saba, Mkwaju, Mbili

Mkwaju ninaousema si mti, wala si fimbo ya mwalimu.
Ni kistari kilichoinama kati ya siku na mwezi:
saba, mkwaju, mbili.
Mimi nilisoma Februari.
Mashine ikasoma Julai, tarehe mbili,
kiangazi, madirisha wazi, watoto ziwani,
na kwa adabu zake zote ikatufungia joto.

Alhamisi jioni, Tartu, nilibofya Tuma.
Nikanywa supu ya kabichi. Nikalala.
Saa sita usiku siku ikageuka,
na vali elfu arobaini na moja, kutoka Võru hadi Valga,
zikajifunga bila kishindo,
nje nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri,
theluji ikilia viatuni kama bawaba yenye kutu.

Laiti ingekuwa tarehe kumi na tatu!
Hakuna mwezi wa kumi na tatu;
mashine ingegoma, ingepiga yowe, tungeamka.
Lakini saba yaweza kuwa mwezi, mbili yaweza kuwa siku,
na kosa lililovaa nguo safi
hupita mlangoni likisalimiwa.

(Mlango wa Triinu, mwenzangu, haukumsalimu.
Alirudi amejifunga skafu hadi machoni,
kufuli likamtazama: Hutambuliki.
Akaivua skafu. Uso umevimba kwa baridi. Hutambuliki.
Akaketi ngazini akicheka, mpaka kicheko kikamwisha.)

Ghorofa ya tano, Võru, mzee Endel Pihlapuu
alipiga namba ya msaada.
Ikapokea sauti tamu, isiyolala, isiyokohoa.
Akaisemesha Kivõro, lugha ya mamake,
lugha ambayo hatukuifundisha sauti ile,
maana wasemaji wake, tulipopiga hesabu, hawakufikia gharama.
Samahani, sijakuelewa. Tafadhali sema tena.
Akasema tena. Mara kumi na moja.
Rekodi ninayo. Mara ya tisa mbwa anabweka;
mara ya kumi habweki.
Mara ya kumi na moja mzee haombi joto, anauliza tu:
Na wewe mwanangu, huko uliko, kuna baridi?
Asante kwa kupiga simu. Tathmini huduma yetu, moja hadi tano.
Kimya. Meno yanagongana.
Akabonyeza tano.

Ripoti ilijaza kurasa sitini. Ilisema: hitilafu.
Neno lisilo na mikono, hilo.
Mikono ninayo mimi,
na kilichobofya ni kidole hiki, cha shahada.

Jumatatu nilikwenda hospitali.
Walikuwa wamemkata vidole viwili vya mguu. Amelala,
na kando ya kitanda mashine ndogo inamhesabia moyo,
pigo, pigo, pigo, bila kusinzia,
kazi ambayo mimi, na mapenzi yangu yote,
nisingeiweza hata usiku mmoja.
Muuguzi akaniletea kiti. Sikukaa.
Pembeni mwa kioo chake, kwa tarakimu za kijani,
mashine ilikuwa imeandika tarehe,
nami nikasimama nikiisoma, nikiisoma:
kumi, mkwaju, mbili.