Stakabadhi ya Umeme

Makontena sitini na mawili, meupe,
safu nne juu ya kokoto
pale ambapo mwaka juzi
Hassani Nanguka aliokota korosho.
Waliihesabu mikorosho shina kwa shina, kwa rangi nyekundu:
arobaini. Yeye anasema arobaini na mmoja.
Fidia ikalipwa ya arobaini.
Huo mmoja ungali ndani ya uzio, upande wa transfoma,
na kila Oktoba unadondosha mabibo yake
kana kwamba hakuna aliyeuarifu.

Mama aliniuliza kazi yenyewe ni nini.
Nikamwambia: ghala.
Akacheka hadi kanga ikamteleza.
"Maghala tunayajua. Unapeleka kilo mia mbili,
unapewa karatasi.
Karatasi haipikwi."

Nikamweleza: saa saba mchana
jua la Masasi linazalisha kuliko tunavyokula.
Tunapokea, tunapima, tunaandika.
Saa moja jioni, kila nyumba inapowasha,
tunatoa.
"Na makato?"
Yapo, Mama. Inaingia mia,
inatoka themanini na saba.
Nyingine inaondoka na joto, feni zikihema.

Akiba haiozi, walisema.
Hii inachakaa,
kidogo kila mwaka, kama macho ya fundi cherehani,
na mkataba umeshataja
mwaka atakaoshindwa kutunga uzi.

Kabla ya kontena la kwanza kulikuwa na miaka minne ya karatasi.
Wenye benki walikuja na buti mpya,
wakauliza moto ukizuka je,
nani atanunua, kwa bei gani, kwa miaka mingapi.
Kikaoni Naliendele, Bi Fatu Chilumba alisimama:
"Gesi ilipita hapa bila hata kutuaga.
Hii nayo inakwenda wapi?"
Meneja wa mradi akafunua ukurasa mwingine.

Jumanne, saa moja na dakika kumi na nne jioni,
mtambo namba tatu ukajizima.
Kwenye kioo, hamsini ikawa arobaini na tisa nukta mbili.
Niliinuka hata kiti kikaanguka,
na kabla mkono wangu haujafika popote
makontena yalikwisha kujibu.
Feni zote kwa pamoja,
mvumo kama wa nyuki waliopigwa jiwe.
Dakika thelathini na nane tuliubeba mji:
chumba cha upasuaji Ligula,
majokofu ya samaki Shangani,
mchomelea mageti wa Chikongola na cheche zake,
na mtoto wa mtu, sijui wa nani,
akifanya hesabu za kugawanya.

Nikampigia Mama.
"Umeme umekatika huko?"
"Haujakatika. Kwani umekatika?"
"Ulitaka kukatika."
"Mbona sikuona kitu?"
Nikakosa pa kuanzia kujisifu.
Akaniuliza kama nimekula.

Alfajiri Hassani yuko kwenye uzio na kikapu.
Masharti ya bima: pasionekane jani kavu
mita kumi kutoka kwenye betri.
Basi nafagia, kwa ajili ya bima,
na kwa ajili ya bima naokota,
nanyonga korosho kwenye bibo moja moja,
najaza kofia ya usalama,
nampitishia kwenye tundu la waya
ambalo ripoti zangu hazijawahi kuliona.

Anazihesabu. Haharakishi.
"Usiku ulikuwaje, fundi?"
"Shwari."
"Nilisikia mkivuma."
Anazipima kwa kiganja, kushoto, kulia.
"Kilo moja na robo. Andika.
Nipe stakabadhi."

Nachana kipande cha daftari la zamu,
naandika tarehe, naandika uzito,
naandika: mkorosho wa arobaini na mmoja.
Natia sahihi.
Anakikunja mara mbili, anakiweka mfuko wa shati,
wala hatabasamu.