Kona ya Saba

Hapa Mkuti barabara bado ni mtu wa ofisini:
imenyooka, imechorwa mstari mweupe katikati,
ina matuta, ina bango la bima,
ina duka la dawa, saluni, kanisa, duka la dawa.
Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo,
naipita kimya kimya,
mbwa wa yadi ya mbao akinifukuza kwa mazoea tu,
hadi nyumba ya mwisho, ile isiyopauliwa
tangu bei ya korosho ilipoporomoka.

Baada ya hapo mikorosho. Baada ya mikorosho, kimya.
Kisha barabara inauona mlima
na kusahau yote iliyofundishwa na mkandarasi.
Inavua viatu.
Inapinda kama mtu anayetafuta uongo wa kumwambia mkewe:
kushoto, tena kushoto, halafu, subiri kwanza, kulia.

Vijana wa klabu hunipita hapo,
kaptura za kubana, miwani ya nzi.
"Shikamoo mama!" na kabla sijaitikia marahaba
wameshakuwa migongo.
Wao wanazihesabu kona kwa saa za mkononi,
ya kwanza, ya pili, ya tano, asilimia tisa ya mwinuko.

Mimi nilizikuta zina majina.
Mama yangu, Ludovina, alizipanda kwa miguu
kabla ya lami, kabla hata ya kifusi,
maji ya bondeni kichwani, mimi mgongoni,
na kila kona waliyopumulia, wanawake wa Newala waliibatiza.
Hii ni Tua. Ile ni Usitue.
Yenye jiwe ni Kwa Mtungi wa Asinati,
mtungi uliopasuka bila mtu kuugusa,
na Asinati akakaa chini, akacheka mpaka wenzake wakamwogopa.
Inayofuata haitajwi mbele ya wanaume.
Ya juu kabisa ni Nakuona,
maana hapo paa la kwanza linachungulia,
na kumbe bado nusu saa.

Baba yeye alizishuka.
Phoenix, magunia mawili ya korosho, breki zimekufa,
gogo limefungwa nyuma kwa kamba
liburuzike, likwaruze ardhi,
limzuie asifike kabla ya siku zake.
Vumbi lake tuliliona kutoka juu.
Likisimama, mama naye anasimama.

Mimi sibebi kitu. Hilo ndilo linaloniuma magotini.
Chupa moja ya maji, ndizi mbili, simu.
Napanda ili nishuke.
Mama angeuliza: umesahau nini huko juu?

Mwaka jana, msimu wa korosho, kona ya saba,
mchanga uliomwagwa na lori:
nikaenda upande wangu, baiskeli upande wake.
Nililala mtaroni nikitazama mawingu
yakivuka kwenda Msumbiji bila pasi,
kiwiko kimechunika, jino moja limeniaga.
Fundi Chilumba alinishusha kwa pikipiki
na hakucheka mpaka tulipofika Mkuti.

Leo nimekaa pale pale, nabandika tyubu.
Vijana wawili wageni wamesimama kunywa maji.
Mmoja anahema kwenye simu:
"Tusubirini juu. Ndiyo, tumechoka.
Tupo hapa, hapa Kwa Bibiana."

Nimeinamia pampu.
Hawakunitazama, na mimi sikuwaambia,
nilijaza upepo tu, nikajaza, nikajaza,
mpaka gurudumu likalia kama boga bivu likipigwa kucha.

Wameondoka.
Kona hii ilikuwa na jina lake.
Nimelitafuta kutoka Tua, nimelitafuta Usitue,
liko karibu na ulimi, pale lilipokuwa jino,
na aliyelijua
hayupo wa kuulizwa.