Nukta

Kuvu naijua.
Imewahi kula viatu vya harusi yangu
chini ya kitanda, Muyeye, mvua za Mei.
Imewahi kula mkate niliomwekea mtu
asirudi.

Lakini hii iliyo ndani ya damu
ya mtoto wa Nyevu, siku ya kumi na moja,
gramu mia tisa na arobaini
(pakiti ya unga inamshinda),
hii hainuki, haina rangi.
Maabara ndiyo iliyoiona.

Saa nane za usiku naandika dozi.
Nafuta. Naandika.
“Umazi, nihesabie tena,
nukta yangu naiogopa.”
Umazi anahesabu kwa midomo
kama mtu anayedai.
Sawa, asema. Weka.

Dawa yaingia taratibu, saa nzima,
tone likisita
kama mgeni asiyesikia “karibu”.
Nyevu haulizi jina lake.
Auliza: na kesho?
Na kesho. Na wiki mbili
baada ya damu kusafika.

Kisha ananipa kikombe cha maziwa aliyokamua,
hayajai kijiko.
Nayavuta kwa bomba, nayainua kwenye taa:
moja, nukta, mbili.
Nayaandika kwa wino.