Mkunjo

Chumba chetu cha Wete kina hadubini moja,
feni inayolalamika,
na mabirika mawili ya mwatiko wachanga wa siku nne,
wembamba kuliko unyusi,
waangavu kama maji ya kunawia.
Moyo unaonekana ukidunda.
Utumbo unaonekana.
Kushotoni, chini ya moyo, ndipo pa ini:
kivuli kidogo, kama aliyepagusa
alikuwa na uji kwenye ncha ya kidole.

Kwa hawa wa birika la pili, hapana kitu.

Tumewanyima jeni moja tu.
Wala si ya ini. Hiyo wanayo, nzima,
herufi zake nimezihesabu Jumatatu, na leo tena.
Tuliyoiondoa ni ile inayofinyanga pete,
pete inayoushika uzi wa kromosomu ukapinda,
huku kukakutana na kule,
na neno lililoandikwa mbali likasikika.
Bila pete uzi upo. Umelala tu, mrefu,
haujui pa kuanzia.

Nilimweleza mama, kibarazani Mtambwe.
Alikuwa anasuka ukili, miguu kainyoosha,
hakuinua macho.
"Kwa hiyo ukindu upo?"
Upo, mama.
"Na rangi ipo?"
Ipo.
"Basi hawakukosa kitu, wamekosa mkono."

Nikacheka. Kisha sikucheka.
Nilitaka kumwambia mkono haupo,
pete hujivuta zenyewe gizani, hufunga, hufungua,
na mimi niangaliaye
nachelewa daima siku nne.
Lakini alishauliza jingine,
kwa sauti ya kuulizia bei ya chumvi:
"Na la mtu? Ini la mtu nalo hukunjwa hivyo?"

Ndani, Shaame kalala kaelekea ukutani,
macho yake manjano tangu Rajabu.
Daktari wa Mkoani kaandika kwa mwandiko mzuri sana.

Nikasema maradhi ya Shaame ni mengine.
Na ni kweli.
Mama akaulowesha mlala kwa ulimi,
akaukunja juu ya mwenziwe, chini ya mwenziwe,
akakaza.

Leo wa birika la pili wamekufa kumi na tisa.
Mioyo yao ilidunda mpaka mwisho,
haikujua kuwa jirani hakufika.
Nawaandika daftarini, mmoja mmoja,
na kalamu inakwama kila mstari
kwenye kipande cha ukili
alichonizungushia mama kidoleni jana, akipima sijui nini,
nami nikasahau kukivua.