Fundi wa Lifti, Ghorofa ya Tisa

Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akasema,
"Mzee Vazha, mshipa umezibuka. Moyo wako mzima."
Nikamshukuru. Nikavaa koti.
Hakuniuliza nalala vipi.

Nalala kama mlinzi, jicho moja.
Miaka thelathini na moja nimesikiliza lifti za Gldani,
waya unaokwaruza, breki inayochelewa kuuma;
nikiwa bado mlangoni nilijua gurudumu lipi linaugua.
Sasa sikio lilelile limegeukia ndani.
Du, du. Kimya. Du.
Kimya kile cha katikati, nani atakitia grisi?

Nanuli hulaza kiganja mgongoni pangu
akajifanya amesinzia.
Nami hujifanya sijui kwamba anahesabu.

Siku arobaini sijashuka chini.
Ngazi naziogopa kwa kuwa sizijui,
lifti naiogopa kwa kuwa naijua.
Chumvi wameninyima, divai wameninyima,
hofu pekee naruhusiwa kula nikashiba.
Mwanangu hupiga simu kutoka Batumi: "Baba, umepona, shukuru."
Nashukuru. Nashukuru huku nimeshika ukingo wa meza.
Jana nilimfokea paka.

Kisha Jumapili umeme ukakatika,
na kati ya ghorofa ya sita na ya saba mtoto akapiga yowe:
Tekle, miaka minane,
ametia sarafu yake, sanduku likammeza.
Nilishuka. Ngazi sizikumbuki.
Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango:
"Nisikilize. Waya huo niliufunga mimi.
Vuta pumzi, taratibu. Itoe. Tena."
"Nikifa?"
Nikatafuta jibu mfukoni, kwenye bisibisi,
kwenye miaka yote ile.
"Hata mimi naogopa," nikasema.
Akanyamaza kidogo.
"Basi tuogope wote," akajibu, kama anayemega mkate.

Umeme uliporudi alitoka mbio, hata hakuniangalia.
Nikapanda kwa miguu. Ghorofa ya nane nikaketi,
machozi yakanitoka kama maji ya bomba bovu,
bila adabu, bila sababu ya kumwonyesha mtu.

Nanuli akaja na kandambili zake,
akakaa ngazi moja chini yangu.
Nikamwambia kwa mara ya kwanza: "Usiku huwa nausikiliza."
"Najua," akasema. "Ukikohoa, unanipotezea hesabu."